Tumbo la Siku za Kiingereza

Kila asubuhi Chiriku alikuwa wa kwanza kuvaa sare na wa mwisho kunyamaza. Jina hilo alipewa nyumbani kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Lakini leo alibaki kitandani, amejikunja, mikono tumboni.

Mama yake, fundi cherehani, alimpapasa tumbo kisha akamtazama usoni. "Tumbo lako linajua ratiba, mwanangu. Linauma siku za Kiingereza tu."

Chiriku akaangua kilio. Wiki iliyopita alisimama darasani kueleza kwa Kiingereza habari za mama yake, akamwita "he" badala ya "she". Darasa zima lilicheka. Leo walitakiwa kurudia, tena waunganishe sentensi kwa "and", "but" na "because".

"Sitafungua mdomo tena," alisema.

Mama hakumgombeza. Alivuta kigoda karibu na cherehani. "Basi nifundishe mimi. Wateja wakinisemesha Kiingereza, huwa naitikia kwa kichwa tu."

Chiriku alijifuta machozi, akaeleza: "he" ni mwanamume, "she" ni mwanamke. Mama akamwelekezea kidole baba, aliyekuwa akipiga pasi shati lake. "She is tall."

"Leo nimekuwa shangazi wa nani?" baba akauliza.

Wakacheka hadi mama akashika mbavu. Kisha akarudia polepole, "He is tall, but he is lazy."

"Hapo umepatia," Chiriku akasema.

"Kapatia sarufi," baba akanung'unika. "Ukweli hapana."

"Mama, huoni aibu tukikucheka?"

"Naona kidogo. Lakini ningenyamaza, mngenisahihisha nini?"

Darasani, Chiriku alisimama. "My mother is a tailor, and he..." Vicheko vikaanza nyuma. Alitamani ardhi ipasuke. Akamkumbuka mama kwenye cherehani. "She," akajisahihisha. "She makes our uniforms, and she is learning English because I am her teacher."

Mwalimu akamshika bega.

"Mmesikia? Amekosea, akajirekebisha, akaendelea. Sisi tumezoea 'yeye' kwa wote, hata mimi nilichanganya nikiwa na umri wenu. Anayeogopa kukosea hajifunzi, na anayemcheka mwenzake anamziba mdomo." Akamgeukia Chiriku. "Msalimie mama. Mwambie amepata mwalimu mzuri."