Niliweka Injini Kubwa, Nikaacha Maji ya Sabuni Kwenye Breki

Nina miaka themanini na minne. Meno yamekwisha, macho yanakwisha, lakini masikio bado mazima, na hilo ndilo balaa langu! Gari kubwa likipita hapa mtaani Makiso, silinda nane zikinguruma, naweka chai chini, naziba masikio kwa viganja viwili... Wajukuu wanacheka. Wanasema ni uzee. Laiti ungekuwa uzee!

Ndugu wasomaji, nina jambo nililolificha tangu miaka ile ya uhuru na uasi. Sitaki huruma yenu. Atakayenihurumia kabla ya kumaliza kusoma, shauri yake.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi katika gereji iliyokuwa ya Mzungu mmoja karibu na bandari. Mji wetu wa Kisangani ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Kizungu. Mke wangu, Zaina, alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yetu ya kwanza. Na mimi nilikuwa na kiburi. Eh, kiburi kile! Nilitembea kifua mbele, spana mfukoni, hata siku ya Idi.

Baba yake Zaina, papa mkwe wangu, alikuwa na kamioneti, pikapu ndogo ya kuchukulia mchele na samaki wakavu kutoka Banalia. Dereva wake alikuwa Amisi, kaka yake Zaina. Amisi alikuwa mtu wa kutulia mno. Hata kuku akiwa barabarani, alimngoja avuke. Nilimtania kwamba wenye baiskeli wanampita wakimpungia mkono. Alicheka tu. Hakuwahi kunikasirikia.

Uhuru ulipokuja, yule Mzungu aliondoka na sanduku moja. Akaacha gereji, akaacha na gari lake kubwa la Kiamerika lililogongwa nyuma likabaki nusu. Lakini mbele, chini ya boneti... injini ya silinda nane, nzima kabisa! Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi. Zaina alisema ninaipenda kuliko yeye. Nilikana, lakini kwa sauti ndogo.

Basi injini ya kamioneti ikaanza kufa. Ilitoa moshi, ilikunywa oili, kwenye vilima abiria walishuka wasukume. Na wakati huohuo habari za uasi zikawa zinatukaribia. Kila aliyefika kutoka upande wa Maniema alisema wapiganaji wako njiani. Papa mkwe akaamua Zaina na wanawake wengine wa mtaa wapelekwe Banalia, ng'ambo ya mto Aruwimi, kwa shangazi yake Zaina. Lakini kwa gari gani, lile la kusukuma?

Nikasema niachieni mimi.

Nilifanya kazi wiki mbili. Nilifunga magogo matatu pamoja, nikaning'iniza mnyororo, nikaing'oa injini ya Mzungu. Haikuenea! Nikakata bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Nikavuka mto wa hapa mjini hadi Lubunga, nikapata vipande vya chuma vya reli, nikavichonga kuwa vishikizi. Giaboksi nilihamisha ya gari lile lile, shafti nikaikata na kuiunga upya. Mikono ilitoka malengelenge, sikujali. Siku niliyoiwasha, mtaa mzima ulitoka nje. Watoto wakanipa jina, Papa Moteri, yaani Baba Injini! Jamani, nilijiona mfalme.

Sasa sikilizeni, kosa liko hapa.

Tangu meli zipungue kuja, mji ulikosa mafuta ya breki. Mafundi wote tulikuwa na ujanja mmoja, tuliyeyusha sabuni katika maji na kuyamimina kwenye breki. Breki za kamioneti nilizijaza mimi mwenyewe kwa maji hayo, na kwa gari la mwendo wa kobe hakuna neno. Lakini gari likienda mbio, breki zinapata moto, na maji ni maji, yanachemka! Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga, mguu unazama hadi chini. Hilo nilijua. Hakuna aliyenifundisha upya baadaye, nilijua siku ileile!

Na msiseme sikuwa na la kufanya. Chini ya meza yangu palikuwa na kopo moja la mafuta halisi ya breki, aliloliacha Mzungu. Kazi ya kuyaweka ilikuwa kufungua magurudumu yote manne, kuosha sabuni, kubadilisha mipira ya ndani ya breki. Siku nzima. Papa mkwe mwenyewe alisema wakiondoka Jumamosi si vibaya. Mimi nikang'ang'ania Ijumaa. Kwa nini? Kwa sababu Ijumaa watu wangekuwa wanatoka msikitini, na nilitaka waisikie injini yangu! Nikajiambia breki nitazishughulikia wakirudi.

Ndiyo hivyo tu. Kwa ajili ya kusikilizwa!

Watu walipotoka kwenye sala, kamioneti ilikuwa inanguruma mlangoni. Zaina alikaa mbele, mkono juu ya tumbo. Wanawake watatu walipanda nyuma na mizigo. Mimi nilibaki kulinda vyombo vya gereji, maana nilishajiona bosi. Amisi akanivuta pembeni, akaniuliza polepole habari ya breki, mtu wa heshima kama alivyokuwa:

"Shemeji, freni iko sawa? Moteri hii iko na nguvu mingi."

"Iko bien, iko muzuri!" nikamjibu kwa sauti, ili wote wasikie. "Bon, enda tu! Ao unaogopa?"

Akaondoka. Watu wakapiga makofi. Kumbe wanapigia makofi mazishi...

Siku ya tano mmoja wa wale wanawake alirudi kwa miguu, kanga imechanika, sauti imekauka. Alituambia yote mbele ya papa mkwe. Alisema gari lilikuwa linaruka. Njiani Amisi alisimama mara mbili, akalalamika kwamba pedali imekuwa laini. Alingoja kidogo, ikarudi kuwa ngumu, akaendelea taratibu. Lakini injini ile haikujua taratibu! Kwenye mteremko wa kivuko cha Banalia alikanyaga, hakuna kitu. Akapiga kelele walio nyuma waruke, wakaruka. Zaina na tumbo lake angerukaje? Chombo cha kuvushia magari kilikuwa ng'ambo. Gari likaingia Aruwimi zima zima. Amisi angeweza kuruka, mlango wake ulikuwa wazi... Hakumwacha dada yake.

Zaina alipatikana baada ya siku mbili, mto ukiwa umemsukuma mbali. Amisi hakupatikana kabisa. Wanangu, mimi nilianguka chini nikala udongo. Mke wangu! Mtoto wangu ambaye hata sura sikuiona!

Lakini subirini, uovu wangu bado.

Pale kivukoni watu walianza kusema kwamba dereva alikuja kama mwendawazimu, amelewa mwendo wa gari jipya. Maneno yakafika kwetu. Siku ya matanga papa mkwe aliniita chumbani, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza:

"Mutoto yangu, wewe ndiyo fundi. Sema mbele ya Mungu. Freni ilikuwa nzuri?"

Ningesema neno moja tu. Moja! Nikaona watu wanavyoniita Papa Moteri. Nikaona nikifukuzwa nyumba ile. Nikasema:

"Ilikuwa nzuri, papa. Pengine Amisi hakuizoea."

Mzee akainamisha kichwa, akamwamini fundi kuliko mwanamke aliyekaa nyuma ya gari. Tangu siku ile Amisi hakusomewa dua katika nyumba ya baba yake. Jina lake lilikatazwa. Mjane wake, Mariamu, alikataa kumlaani mumewe, basi akaambiwa afungashe, akavuka kwenda kuishi Lubunga na binti yake mchanga. Waasi wakaingia mjini wiki chache baadaye, na nani tena angekwenda Banalia kuinua gari mtoni, aione sabuni?

Na mimi? Mimi nilipewa mke mwingine! Papa mkwe alinipa Asha, mdogo wake Zaina, ili nisitoke katika ukoo. Aliniita mwanawe wa pekee aliyebaki. Alinikatia nyama ya kwanza kila Idi. Alikufa ameshika mkono wangu huu, akiniombea baraka. Mkono huu uliomimina sabuni! Asha naye ametangulia, amekufa akimchukia kaka yake. Nimelala kitanda kimoja naye miaka zaidi ya arobaini na sikumwambia.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, nilipanda pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu, nikavuka hadi Lubunga. Mariamu bado yuko hai, mzee kama mimi, anachambua mchele mlangoni. Nilikaa chini, nikamwambia yote. Sabuni, kopo, Ijumaa, uongo wa chumbani. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige!

Aliendelea kuchambua mchele. Mwisho akasema:

"Mimi bwana yangu nilimujua. Si mimi ulidanganya. Enda uambie papa."

Papa! Papa yuko kaburini zaidi ya miaka thelathini. Nilikwenda, nikasema, nikalia mpaka mlinzi wa makaburi akaja kuniinua.

Kwa hiyo, wewe fundi, dereva akikuuliza habari ya breki, mjibu kweli, hata kama mtaa mzima unakuangalia. Na wewe mwenye uongo wa namna hii moyoni, usisubiri kama mimi. Nyanyuka leo, mwendee mtu wako angali na masikio, akutemee mate, akufukuze, lakini asikie!

Na kama yuko mzee nyumbani kwenu aliyekuwa kivukoni Banalia siku ile, akawasimulia habari za dereva mwendawazimu aliyemzamisha dada yake, nawaomba mumsahihishe. Dereva aliitwa Amisi. Akili zake zilikuwa timamu, na aliuliza habari ya breki. Aliyewaua ni mimi.