Pete Haijakaa

Mkono-fundi, ule mkono wa mashine, uliinua chujio la mafuta, ukaliingiza kwenye tundu lake, ukalizungusha kidogo tu, na tki! Kazi imekwisha. Sekunde nne. Zamani kazi hiyo ilimchukua fundi dakika nzima, kwa kitambaa, grisi na viganja vyenye nguvu, na bado mara kwa mara pete ya mpira ilijikunja ndani bila mtu kujua. Na hapa karakanani Tanga pete iliyojikunja si jambo la mchezo. Hapa huundwa vipaa, vyombo vinavyopanda wima hadi ukingo wa anga na kushuka mji mwingine kabla chai haijapoa. Mafuta ya kipaa ni baridi, baridi ya kuunguza ngozi. Yakipata upenyo mwembamba kama unywele hutoka kama ukungu, na ukungu huo ukiifikia injini inayowaka, habaki wa kuhadithia.

Aliyelibuni chujio hilo ni Injinia Mwantumu. Aliliwekea vijino vitatu ili lisikubali kuingia ila upande mmoja, upande ulio sahihi. Aliichongea pete mfereji wake wa kukalia. Lakini mpira una ujeuri wake, kwa hiyo akaacha kidirisha cha kioo ubavuni, na mtu wa kukichungulia. Mtu huyo huulizwa na Muulizi, akili unde yenye sauti ya upole: pete imekaa? Akisema ndiyo, chujio linapita. Akisema haijakaa, linarudi. Ukimuuliza Mwantumu, kazi ilikuwa imepigwa msasa, haina doa.

Asubuhi hiyo alichukua machujio kumi ghalani kwa ukaguzi wa kawaida, akayajaza hewa, akayatumbukiza majini. Manne yakatoa mapovu.

Alirudia, akidhani amekosea yeye. Mapovu yaleyale. Akamwita Fundi Mbelwa, kiongozi wa zamu ya wanaume, ambayo sasa ndiyo zamu pekee iliyobaki.

"Fundi, haya nani aliyatazama?"

"Sisi, Injinia. Kwani vipi?"

"Muulizi alipokuuliza kama pete imekaa, ulijibuje?"

Mbelwa akakuna kidevu. "Kuuliza? Yule haulizi siku hizi. Anatuita tu. Anaita jina, tunaitika, chujio linakwenda. Tukajua ndiyo mahudhurio yenyewe hayo. Tukasema afadhali, umetupunguzia kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomfundisha adabu. Miezi mitatu sasa."

Ni kweli, Mwantumu alikuwa amemfundisha adabu. Mafundi walinung'unika kwamba Muulizi anawavamia kwa maswali kama askari wa doria, naye alilelewa na mama asiyekubali useme na mtu kabla hujamwita. Akaagiza: taja jina kwanza, ngoja, kisha uliza. Walimpigia makofi siku hiyo.

Alikimbilia kwenye kumbukumbu za sauti, akafungua za wiki iliyopita.

"Fundi Mbelwa?"

"Naam."

Tki.

"Fundi Sekibo?"

"Naam."

Tki.

Alisikiliza mia mbili, na katika zote mia mbili swali halikuulizwa hata mara moja. Mwanamume akiitwa huitika naam, maana yake nakusikia, sema. Muulizi naye, aliyesomeshwa kwa vitabu na hakuwahi kuitwa na mama yake, alijua kwamba naam ni ndiyo. Jibu amelipata, ya nini kuuliza tena?

Akafungua kumbukumbu za mwezi uliopita, za zamu ya asubuhi, zamu ya wanawake.

"Bi Semeni?"

"Abee."

"Pete imekaa?"

Kimya kidogo, kimya cha mtu anayechungulia. "Hii haijakaa. Irudishe."

Abee, itiko la wanawake, Muulizi hakuijua. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana, basi akaendelea na swali lake. Katika karakana nzima wanawake ndio waliokuwa wakiulizwa, na ndio waliokuwa wakitazama. Kwa sababu hiyo walichelewa: sekunde kumi na moja kwa chujio, wenzao nne. Wakubwa wakataka kujua kwa nini wanawake ni wavivu. Mwantumu akatazama takwimu, akatia saini zamu ya asubuhi ivunjwe. Wanawake arobaini na mmoja. Bi Semeni, kiongozi wao, ndiye mama yake mzazi.

"Mama, takwimu hazina mjomba wala shangazi," alimwambia nyumbani siku hiyo, akijiona mtu wa haki.

"Haya, mwanangu," mama yake alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Walitafutiwa kazi kwenye kiwanda cha mabomba Kigoma. Safari yao ilikuwa leo. Mwantumu akatazama saa ukutani. Kipaa kilikuwa kimeondoka dakika kumi zilizopita. Machujio yake yalibadilishwa jana, na yalitoka kwenye ghala hilihili. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila yeye alikuwa amewalisha wa kwao peke yao.

Mnara wa waongozaji ulimuunganisha na rubani. Sauti ya kijana huyo ilikuwa nyembamba.

"Chumba cha injini kina ukungu, Injinia. Kushuka ni dakika ishirini na tano. Injini zote siwezi kuzima huku juu, tutaanguka. Naweza kufunga mshipa mmoja mmoja wa mafuta, dakika mbili, si zaidi."

Dakika mbili zinatosha kulifungua chujio, kuirudisha pete mferejini kwa kidole na kulifunga. Zinatosha kwa mtu anayeijua pete. "Nipe Bi Semeni," Mwantumu akasema. "Yumo kwenye abiria. Mpe redio aende nayo."

Zikasikika hatua, mlango wa chuma, na wanawake wanaosali. Kisha sauti anayoijua kuliko zote.

"Nimeshaliona, Mwantumu. Ni pete?"

"Ni pete, mama. Nisamehe, mimi ndiye..."

"Msamaha utangoja. Linazungukia wapi?"

"Kushoto. Kidogo tu. Lakini mama, ni baridi ya kuunguza. Hakuna glavu humo?"

"Hakuna." Alisikika akihema, akijaribu, akiteleza. "Mbona halishikiki? Yale ya zamani yalikuwa na matuta. Hapa pa kushika ni wapi?"

Mwantumu akafumba macho. Matuta aliyaondoa mwenyewe. Mkono-fundi hukamata kwa kufyonza, matuta yaliuzuia, na chujio laini hutengenezwa upesi zaidi.

"Hakuna pa kushika, mama."

"Ah. Viganja vya watu hukuvifikiria." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwanawe. "Mwanakombo! Nipe khanga yako, upesi."

Rubani akafunga mshipa wa kwanza, akaanza kuhesabu. Mwantumu alisikia nguo ikizungushwa, chuma kikilia, kisha mama yake akitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya msiba wa baba. Sekunde hamsini. Themanini. Mia. Alitaka kusema acha, na alijua akisema acha watakufa wote.

Tki.

"Imekaa," akasema Bi Semeni. Meno yalikuwa yakimgongana. "Nimechungulia. Imekaa. Ila vidole sivisikii tena, vimekuwa vyeupe kama vya mtu mwingine. Yako mangapi?"

Mwantumu hakuhitaji mchoro. Aliuchora kwa mkono wake.

"Sita, mama. Na hakuna lililotazamwa."

Rubani akauliza kama afungue mshipa wa kwanza na kufunga wa pili. Kisha Mwantumu akamsikia mama yake akigeuka kuwakabili wenzake, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya karakanani, kavu, isiyobembeleza.

"Zamu ya asubuhi! Nani anafuata?"