Ngoma ya Kwao Benita

"Mwanangu, mbona unatoka jasho na humu ukumbini kuna baridi?" Bi Mwatumu aliuliza.

"Sina neno, mama."

Uongo. Yasini alikuwa ametoka kusoma ujumbe wa mchumba wake, Benita: "Mwenzetu kaumia mguu. Leo sichezi Singkil, nacheza Tinikling ya kwetu! Mama atafurahi."

Yasini aliuza vitambaa Mayfair, Johannesburg. Benita alikuwa nesi Mfilipino aliyecheza ngoma za asili na wenzake kila Jumamosi. Mwaka jana Yasini alimtumia mama yake, kule Tanga, video ya Benita akicheza Singkil, ngoma ya Waislamu wa Lanao huko Ufilipino, kajitanda hariri, mapepeo mikononi.

"Ni Mwislamu mwenzetu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, wa hukohuko Lanao."

Benita ni Mkatoliki wa Leyte. Na sasa mama alikuwa amefunga safari kuja kumwona mkwe.

Mtangazaji akashika maikrofoni: "Tinikling, kutoka kisiwa cha Leyte!"

"Kizungu hicho kinasemaje?"

"Anasema... ngoma ya Lanao, mama."

Mianzi ikaanza kugongwa sakafuni. Benita akaingia pekupeku, akirukaruka katikati yake kama ndege anayekwepa mtego. Ukumbi ukashangilia. Yasini alitamani ngoma isiishe.

Ikaisha. Benita akaja mbio, akihema, akasalimu kwa Kiswahili alichofundishwa na Yasini.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Lanao hawajambo?"

"Lanao? Hapana, mama. Mimi wa Leyte."

"Huko nako kuna misikiti?"

Benita akamgeukia Yasini. "Eish! Hujamwambia mimi naenda kanisa?"

"Niliogopa atakukataa."

"Wewe ndiye uliyenikataa. Umetengeneza Benita mwingine, ukampa na kwao kwingine."

Akavua pete, akamwekea kiganjani, akaondoka.

Siku nne simu haikupokelewa. "Nisamehe" ilisomwa, haikujibiwa. Bi Mwatumu naye hakumsemesha mwanawe ila kwa salamu. Siku ya tano akajifunga kanga.

"Mwanamke wa Kitabu anaoleka, Yasini. Mwongo je, nani atakubali kuolewa naye? Nipeleke kwake."

Benita alifungua mlango, macho yamemvimba.

"Mwanangu," Bi Mwatumu akasema, "ile ngoma ya mianzi niliipenda kabla sijajua ni ya wapi. Na wewe nimekupenda hivyohivyo."

Benita akamwangukia kifuani, akalia. Kisha akafuta machozi, akapiga simu kwao, akamnyooshea Yasini.

"Ni baba yangu. Mwambie wewe ni nani. Usifiche kitu."

Yasini akaishika kwa mikono miwili, akajikaza kwa Kiingereza.

"Mzee, naitwa Yasini. Ni Mwislamu wa Tanga, Tanzania. Nampenda binti yako, na nimemkosea."

Akaibana simu sikioni asipitwe na neno.

"Tanga," sauti ya mzee ikasema taratibu. "Ni wapi huko? Kaa chini, kijana, unieleze kwenu."

Benita akamvutia kiti.