Mzee Masalu Hakukimbia Nyoka

Mama Kwandu, jirani wa kina Georgina, alikuwa akiwahadithia wenzake kisimani kwamba Mzee Masalu, yule anayezoa uchafu wa vyoo, amekimbia nyoka. "Joka hili, nene kama mkono wangu! Lilichomoza shimoni, mzee akatupa ndoo, mbio!" Wanawake wakacheka. Georgina alijaza dumu lake, kichwa chini. Hapakuwa na nyoka.

Tangu baba yake ahamishiwe Bariadi kutoka Dar es Salaam, Georgina ndiye aliyegawa majina mtaani. Dereva wa basi, suka. Muuza chipsi wakamwita Zege, jina la mitaani la chipsi mayai, naye akaitika huku akicheka. Jumamosi, Mzee Masalu alipokuwa shimoni kwao, uchafu umemfika kiunoni, Georgina aliwaambia wenzake kwamba huko Dar mtu wa kazi hiyo huitwa chura. Wakapanda ukutani. "Kroo! Kroo!" Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Akatoka, akajifuta, akaenda zake, kazi ikiwa nusu.

Sasa shimo lilikuwa limefunikwa bati tu, na mawingu yametanda upande wa Maswa. Mvua ikinyesha, uchafu wote ungeteremka kisimani.

Mchana Georgina aliuacha ugali wake sahanini. "Mama, aliyemfukuza Mzee Masalu si nyoka. Ni mimi." Akaeleza yote.

Mama yake alisukuma sahani pembeni. "Zege anacheka akiitwa. Huyu mzee alicheka?"

"Hapana, mama."

"Uliona, ukaendelea. Mtu anaingia kwenye uchafu wetu ili tusiugue kipindupindu, halafu tunamfanya kichekesho! Jina ambalo mwenyewe halimfurahishi si utani, mwanangu, ni tusi. Vaa kandambili, twende."

Walimkuta Mzee Masalu mlangoni kwake akiosha mabuti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyeleta lile jina. Na habari ya nyoka ni uongo, nitawaambia wote kisimani." Machozi yalimtoka. "Naomba unisamehe."

Mzee alitazama mawingu. Akachukua ndoo zake. "Tuwahi kabla haijanyesha," akamwambia mama.

Alifanya kazi hadi jioni. Alipomaliza kuziba mfuniko kwa saruji, matone ya kwanza yalianza kudondoka. Georgina alimletea sabuni na maji ya kunawa.

"Babu, umenisamehe?"

Mzee Masalu alikinga mikono, akaisugua kidole kimoja kimoja. Georgina akaendelea kummiminia.