Aliyekanyaga Breki

Gurudumu halikuzunguka. Hilo tu ndilo lililokuwa kosa, na mtu mwingine angelipita bila hata kuuliza. Lakini fundi aliyebadilisha pedi za breki jana yake, kwa mikono yake mwenyewe, alilisukuma lile gurudumu la mbele kwa kiganja, likiwa hewani juu ya jeki, likabaki pale pale kama limeota mizizi.

Watu walimwita Fundi Kesho, kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja. Gari litakuwa tayari lini? Kesho. Na kesho akija? Kesho. Ila hili lilikuwa gari lake mwenyewe, na safari hii kesho haikuwepo. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ile ya kwanza ilipotelea njiani, ndani ya gari hili hili lililozimika nusu saa kabla ya kufika hospitali, na fundi mzima akabaki amesimama barabarani na spana mkononi. Daktari alikuwa amewaambia bila kumung'unya maneno: uchungu ukianza tu, mama aletwe.

"Mganga hajigangi," mkewe alimtania kutoka mlangoni, mkono kiunoni. "Magari ya watu yanatoka hapa yanakimbia. Lako limenuna."

"Nipe robo saa."

"Robo saa yako naijua. Ina watoto na wajukuu."

Fundi alicheka, akarudi chini ya gari. Breki kung'ang'ania baada ya matengenezo si miujiza. Ama mpira wa kupitishia mafuta umeoza kwa ndani, unayaruhusu kwenda na kuyakataza kurudi. Ama pistoni imekwama. Ama fimbo ya pedeli imekazwa kupita kiasi. Alilegeza kinati cha kutolea hewa pale kwenye gurudumu. Mafuta yakaruka, gurudumu likalegea. Vizuri. Basi tatizo ni mafuta yanayoshikiliwa mahali. Alikirudisha kinati kwa vidole tu, kwa kuwa alijua atakifungua tena, akalizungusha gurudumu. Lilizunguka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu likashika, polepole, bila sauti, na hapakuwa na mtu garini.

Alibadilisha mpira. Likashika. Akapima fimbo ya pedeli, ilikuwa na nafasi yake ya kutosha. Akaifungua kamba ya breki ya mkono ili aiondoe kabisa kwenye lawama, na gurudumu likashika vile vile. Hapo ndipo alipoanza kukasirika, na hasira ya fundi mara nyingi ni hofu iliyovaa ovaroli.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya pedi zilizoungua, ilhali alipogusa chuma kilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nyuma ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi kikafunguliwa sasa hivi. Juu ya kichwa chake kiti cha dereva kikalia, nyiii, kama kinavyolia mtu anapojisogeza akae vizuri.

"Shemeji?" aliita.

Alijiburura akatoka, akainuka, akachungulia dirishani, na akaona kwamba kiti kilikuwa kitupu lakini kimebonyea katikati, na kwamba pedeli ya breki, ambayo hakuna mguu uliokuwa juu yake wala jiwe wala gongo, ilikuwa imekanyagwa hadi karibu na sakafu, na ilikuwa ikitetemeka kidogo kidogo kama inavyotetemeka misuli ya mtu aliyesimamishwa kwa muda mrefu asiambiwe kaa. Aliingiza mkono, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ilipanda kiasi cha kidole kimoja, kisha ikarudi chini, bila hasira, kama mtu anayetii kazi yake.

Fundi aliuchomoa mkono haraka. Aliogopa. Hakuna haja ya kulizunguka neno: aliogopa.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuwa akimsaidia wiki ile, alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo. Fundi alimfuata, akamnong'oneza.

"Jana nilipokuwa natoa hewa kwenye breki, wewe ulikuwa umekaa kwenye usukani?"

"Mwanzoni. Si nilikuaga? Dada alinituma dukani."

"Nilisema kanyaga, kanyaga, shika. Nikajibiwa."

"Na nani?"

Fundi alikumbuka alivyokuwa amelala chini, anaona matairi tu, akipiga ile kelele ya mafundi wote duniani ambao mikono yao iko huku na mguu wa kukanyaga uko kule. Shika! Na ile sauti iliyojibu ilikuwa laini, ya pua kidogo, akadhani shemeji ana mafua. "Nimeshika," ilisema. Akatoa hewa, akafunga kinati, simu ikalia, akaondoka. Akasahau neno la mwisho.

"Sauti ilisema imeshika," alisema. "Tafadhali kamwite mzee."

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kazi, na tangu aache spana watu walimwendea kwa mambo mengine yasiyofunguliwa kwa spana. Alikuja na kandambili zake, akasikiliza, akaweka kiganja juu ya kile kiti kitupu kama anayempima mtoto homa. Akakiondoa upesi.

"Ulimwambia ashike," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimwambia aachie?"

"Sikujua kuna mtu, mzee."

"Nilikufundisha nini? Fundi hatoki chini ya gari kabla hajasema achia. Ulidhani ni kwa ajili ya breki tu?" Alishusha pumzi. "Umemwita kwa kukosea, na yeye kaitika kwa moyo. Mshukuru, mruhusu. Lakini sikiliza, mwanangu. Hawa wasioonekana hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza huachia ukitaka wewe. Ukimpa kazi mara ya pili, ataachia akitaka yeye."

Kabla fundi hajafungua kinywa, mkewe alilia ndani ya nyumba. Kilikuwa kilio kimoja kirefu, na wote watatu wakakielewa.

"Nashukuru," fundi alisema, akikitazama kile kiti. "Achia."

Pedeli ikapanda, tak. Kiti kikainuka taratibu. Ile harufu ya chumba ikampita puani, ikaelekea nje, na gurudumu likazunguka lenyewe nusu mzunguko.

Waliondoka mbio. Jeki ilishushwa, nati za gurudumu zikakazwa, mama akalazwa kiti cha nyuma, shemeji akiwa amemshika kichwa. Ni fundi gani angekumbuka, mke wake akilia hivyo, kile kinati kidogo alichokirudisha kwa vidole? Ni fundi gani angekumbuka kamba ya breki ya mkono?

Barabara ya hospitali ilikuwa mteremko mrefu, na kule chini, mbele ya geti, watu walikuwa wakivuka. Fundi alikanyaga. Pedeli ilikwenda chini laini, haikukuta kitu. Akakanyaga tena. Alivuta breki ya mkono, ikaja mkononi kama kamba ya ndoo isiyo na ndoo. Akashusha gia, injini ikapiga ukelele, gari likapungua kidogo tu, na wale watu wakawa wanakua mbele ya kioo, mwanamke mwenye kikapu, mzee mwenye bakora, mtoto aliyegeuka kutazama, na nyuma mkewe akiita jina la mama yake, na fundi akijua neno asilotakiwa kulisema na akijua pia kwamba hana lingine.

"Shika!"

Gari likasimama. Halikuserereka wala halikutikisika. Ile harufu ikajaa ndani.

"Nimeshika," ilisema sauti laini, karibu na goti lake.

Waliliacha pale pale katikati ya mteremko, milango wazi, gia huru, wakambeba mama hadi ndani. Safari hii walikuwa wamewahi.

Jua lilikuwa bado juu mtoto alipozaliwa. Alikuwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Fundi alisimama mlangoni akalia bila kujificha. Nesi alimjia na mtoto ndani ya kitambaa.

"Haya baba, mpokee mwanao."

Fundi alinyoosha mikono, akaiona. Ilikuwa myeusi kwa mafuta ya breki hadi viwikoni. Akairudisha nyuma kwa aibu.

"Shika kwanza, nesi," alisema. "Shika, ninawe."

Nje, kule kwenye mteremko, kitu kizito kilianza kuteremka. Watu walipiga kelele, kisha ukasikika mshindo wa chuma na ukuta. Nesi alishtuka akageukia dirisha, na katika kugeuka akaishusha mikono yake kama mtu aliyekwisha kupokelewa mzigo.

"Nimeshika," ilisema sauti laini.

Mtoto alinyamaza. Alikuwa hapo hapo hewani, usawa wa kifua, kitambaa kimekunjamana chini ya mgongo wake kwa alama za vidole virefu. Fundi aliiingiza mikono yake michafu chini ya mwanawe, akaikunjua vizuri, akaitayarisha.

"Nashukuru," alinong'ona. "Achia."

Akasubiri uzito uingie mikononi. Haukuja. Akasema tena, kwa adabu zaidi, na jasho likamtiririka machoni.

Nyuma ya pazia mkewe alijiinua kwa kiwiko. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa na furaha.

"Mbona unakawia naye? Nipe mwanangu."