Miguso Mitatu

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, mimi ndiye niliyefungua kabati la klabu ya roboti. Nilihesabu betri, nikafuta vumbi kwenye magurudumu, nikapanga nyaya kwa rangi zake, kisha nikalitoa daftari la timu na kuliweka mezani. Jina langu ni Mwamvita Shaban, wa darasa la saba, mwandishi wa timu ya Nyuki. Mwandishi haendeshi roboti. Kazi yake ni kuandika, na wenzake wakipigiwa makofi, yeye yuko chini ya meza anatafuta kifuniko cha kalamu.

Nahodha wetu alikuwa Kruti, binti wa Mzee Velji mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Tulikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Bibi yake, Bi Dolatbai, alikuwa akitukaangia bagia siku za Jumamosi, na ya mwisho tuligawana nusu kwa nusu. Nilimpenda Kruti, na nilimwonea wivu, yote mawili kwa wakati mmoja. Nasema ukweli, maana uongo nilishausema wa kutosha, kama mtakavyosikia.

Wiki mbili kabla ya kisa hiki, Nyuki ilichukua kombe la kanda kwenye mashindano yaliyofanyika Nzega, na ikapata nafasi ya kwenda fainali za taifa Dodoma. Tangu siku hiyo shule yetu haikukalika. Mapumziko yote yalikuwa ni ubishi mtupu: timu ipi ya roboti imefanikiwa kuliko zote tangu mashindano yaanze?

"Nyuki!" alipayuka Rashidi, ambaye ndiye aliyekuwa akiweka viboksi kwenye roboti yetu. "Alama mia nne na ishirini! Nani amewahi kuzifikia?"

"Kombe moja tu, na kelele zote hizo?" mwingine alimjibu. "Msafara walichukua makombe matatu mfululizo."

"Na wale Migebuka wa Kigoma je? Wamefika taifa mara nne."

"Kufika si kushinda, bwana! Hata wewe shuleni unafika kila siku, na mtihani unafeli."

Watu waliangua kicheko. Msafara ilikuwa timu ya shule yetu ya miaka saba iliyopita, na nahodha wake alikuwa kaka yangu Nurdini, ambaye sasa anasoma chuo cha ufundi hapa hapa Tabora. Picha yake akiwa amelinyanyua kombe imetundikwa sebuleni kwetu. Kila mgeni akija, mama humwonyesha picha hiyo kabla hata hajamkaribisha maji.

Mwalimu Dionis, mlezi wa klabu, alichoka na kelele zetu. Chumba kipya cha ufundi kilikuwa kimekamilika, na juu ya mlango kulikuwa na nafasi ya kuandika jina. "Ijumaa tutafanya mdahalo," alisema. "Timu ya shule hii itakayoonekana imefanikiwa kuliko zote, jina lake litaandikwa pale kwa rangi ya mafuta. Lakini sitaki porojo. Kila hoja iwe na ushahidi kutoka kwenye daftari la timu."

Kruti aliteuliwa kuitetea Nyuki. Mimi nilinyoosha mkono kuitetea Msafara.

"Haya makubwa!" Rashidi alinitania. "Nyuki anawauma nyuki wenzake!"

"Damu nzito kuliko maji," nilimjibu. Lakini moyoni nilijua si damu peke yake iliyonisukuma.

Hapa inafaa niwaeleze jinsi mashindano yetu yanavyokwenda. Mezani huchorwa mstari mweusi kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kwa kuifuata njia ya misafara ya zamani iliyopita hapa kwetu Tabora. Roboti huufuata mstari huo ikiwa imebeba viboksi. Ikikwama, unaruhusiwa kuigusa kwa mkono na kuiweka sawa, ila kila mguso hukatwa alama tano. Waamuzi ni wachache, mmoja husimamia meza mbili, kwa hiyo kila timu huhesabu miguso yake yenyewe. Mwandishi huiandika daftarini, kisha huinakili kwenye karatasi ya mwamuzi. Hakuna anayemchunguza. Neno la mwandishi ndilo neno la timu.

Kule Nzega tulipata alama mia nne thelathini na tano. Tuligusa mara tatu, zikakatwa kumi na tano, zikabaki mia nne na ishirini. Mimi ndiye niliyeandika tarakimu ile ya 3. Msafara, katika miaka yao yote, hawakuwahi kuvuka mia nne na kumi.

Jumatano mchana nilikuwa na Kruti katika chumba kipya alipoingia Mwalimu Dionis na mgeni kutoka ofisi ya elimu. Tuliwaamkia, "Shikamooni," wakaitikia. Mwalimu akamwekea Kruti mkono begani.

"Huyu ndiye Kruti, nahodha wetu. Kichwa cha timu!" Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimelikumbatia daftari. "Na huyu ni mwenzao."

Mwenzao! Mimi niliyekesha, sawa, sikukesha, lakini niliyeandika kila zamu ya mazoezi kwa miezi minne, sikuwa hata na jina. Mgeni alimpa Kruti mkono na kumuuliza maswali mengi. Mimi nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Kifuani wivu ulikuwa unachemka, na Kruti alivyozidi kujibu kwa adabu ndivyo nilivyozidi kumchukia.

Walipotoka wote, nilibaki peke yangu na daftari. Nililifungua ukurasa wa Nzega. Nikachukua kalamu ile ile, nikaichorea ile 3 mikunjo miwili midogo upande wa kushoto. Ikawa 8. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Miguso minane ni alama arobaini, kwa hiyo Nyuki ingebaki na mia tatu tisini na tano, chini ya Msafara. Nilijiambia kwamba huu ni mdahalo wa shule tu na kwamba hakuna atakayeumia.

Ijumaa chumba kilijaa. Kaka Nurdini alialikwa, akaketi nyuma kabisa. Kruti alizungumza kwanza, kwa sauti yake ya taratibu. Alisema Msafara ilikuwa timu hodari, na kwamba hata roboti ya Nyuki ilijengwa kwa kufuata michoro ya akina Nurdini. Lakini kwa alama, alisema, hakuna aliyewahi kufika mia nne na ishirini.

Nilisimama. "Ndugu mwenyekiti, msemaji aliyetangulia amekosea. Msafara wana makombe matatu, Nyuki wana moja. Na hizo alama anazojivunia hazipo! Daftari lao wenyewe linaonyesha miguso minane. Toeni arobaini muone kinachobaki."

Nilitegemea makofi. Badala yake, Mwalimu Dionis aliniomba daftari. Aliutazama ukurasa, akapiga hesabu pembeni kwa penseli, akairudia tena. Kisha akakaa.

"Karatasi tuliyompa mwamuzi iliandikwa mitatu," alisema polepole. "Daftari linasema minane. Mnajua maana yake? Sisi tuna mia tatu tisini na tano. Wenyeji wa Nzega walipata mia nne. Kombe lile ni lao."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Wivu ulinionyesha jina la juu ya mlango tu. Haukunionyesha karatasi ya mwamuzi, wala timu ya Nzega, wala safari ya Dodoma.

"Si kweli!" Rashidi aliruka. "Tuligusa mara tatu, mwalimu, naapa!"

"Kaa chini, Rashidi," alisema Kruti. Alikuwa amesimama. "Mwalimu, mimi nilikuwa naiangalia roboti, sikuhesabu. Rashidi naye alikuwa anashughulika na viboksi. Aliyehesabu ni Mwamvita, na Mwamvita hajawahi kukosea hesabu hata siku moja. Kama daftari lake linasema nane, basi ni nane. Labda aliteleza wakati wa kunakili, kulikuwa na kelele nyingi. Asilaumiwe. Turudishe kombe, na Dodoma waende wenzetu wa Nzega."

Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akalishusha kombe na kuliweka mbele ya mwalimu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kwa wiki mbili nilikuwa nimetamani kumwona Kruti bila lile kombe. Sasa nilimwona, na nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mtoto wa watu alikuwa anaamini maandishi yangu kuliko macho ya Rashidi! Mwalimu Dionis alitoa simu mfukoni atafute namba ya waandaaji. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Wangesema mwandishi aliteleza, basi. Mwalimu aliiweka simu sikioni.

"Mwalimu, usipige!" Sauti ilinitoka kwa nguvu hadi nikajishtua. "Ni tatu. Tuligusa mara tatu. Ile nane nimeichora mimi juzi, kwa mkono wangu."

Vurugu ikazuka chumbani. Mwalimu akainua mkono, watu wakatulia. Kruti alinigeukia.

"Kwa nini?"

"Wivu," nilisema.

"Wivu wa nini, Mwamvita? Mimi kila kitu nakuita wewe kwanza!"

"Wewe unaniita. Wengine wote wanakuita wewe."

Alichukua mkoba wake akaenda kukaa mbali nami, karibu na dirisha. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikutegemea aseme.

Kaka Nurdini ndiye aliyesimama. Niliinamisha kichwa, nikijua nyumbani patakuwa hapatoshi. "Mdogo wangu," alisema, "mimi sikukutuma unitetee kwa uongo. Umetaka kunijengea jina, umekaribia kulibomoa." Kisha akawageukia wote. "Mmenialika nisikilize ni timu ipi imefanikiwa kuliko zote. Sisi Msafara tulichukua makombe matatu, ni kweli. Lakini katika mashindano ambayo kila mtu anajihesabia miguso yake, nahodha aliyelishusha kombe mwenyewe bila kushikwa mkono sijawahi kumwona. Sijui kama mimi ningeweza. Kama nina kura, naipa Nyuki."

Waliopiga kura baada yake walimfuata karibu wote. Mimi pia nilinyoosha mkono, kwa Nyuki. Mwalimu Dionis aliniita mbele, nikaikata ile 8 kwa mstari mmoja, nikaandika 3 pembeni yake na kutia sahihi yangu, chumba kizima kikiangalia. Halafu akaniomba ufunguo wa kabati. Rashidi angekuwa mwandishi Dodoma, na mimi ningebaki. Nyumbani mama alinisema hadi jioni, lakini nawaambieni, maneno yake yote hayakuniuma kama ule ufunguo ulivyotoka mkononi mwangu.

Siku ya safari, wiki iliyofuata, nilikwenda stendi asubuhi kuwasaidia kubeba masanduku. Hakuna aliyeniita, nilikwenda mwenyewe. Kruti alikuwa amevaa fulana mpya ya njano yenye jina la timu mgongoni. Walipoanza kupanda basi, nilisikia kile kitu kinanipanda tena kifuani. Nikaona aibu kubwa. Mwalimu Dionis alikuwa anahakikisha mizigo, nikamsogelea.

"Mwalimu, samahani. Bado naona wivu."

Nilidhani atafoka. Aliacha mizigo, akanitazama vizuri.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Sikiliza, Mwamvita. Na mimi nina kosa langu. Siku ile kwa mgeni nilipaswa kukutaja kwa jina na kazi yako, kwa sababu bila mwandishi hakuna timu. Hilo ni langu, nakuomba radhi. Lakini lako ni hili: wivu humjia kila mtu, hata sisi walimu. Kuusikia si kosa. Ule wa kwanza uliuficha, ukapata nafasi ya kushika kalamu. Huu wa leo umeutaja kwa mdomo wako, na sasa hauna pa kujificha. Ukikujia tena, umwambie mtu, halafu ufanye kazi yako kwa haki. Uaminifu ukishapotea hurudi polepole, lakini hurudi kwa anayeufuata."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Haya, nenda ukawaage."

Nilikwenda chini ya dirisha la Kruti. Alinitazama, na mimi sikuyakwepa macho yake. Kisha akafungua kioo.

"Rashidi anaandika vibaya," alisema. "Saba yake kama moja. Njoo umwonyeshe upesi, basi halijaondoka."

Nilipanda mbio.