Mkeka Uliokataa Kulala

Mkeka ulikuwa umejikunja ukingoni, upande wa ukuta wa nyuma.

Pirihira aliuona alipokuwa akiondoa mablanketi. Aliusuka mwenyewe kwa majani ya kitani cha bwawani, na kabla ya kusuka aliipima sakafu ya nyumba ya baba yake mara mbili, kwa sababu hakuwa mtu wa kukisia. Tangu siku ulipotandikwa ulienea kutoka ukuta hadi ukuta kama maji kwenye bakuli. Sasa ukingo wake ulikuwa umepanda ukutani, na kila alipoubana chini kwa kiganja ulirudi juu polepole.

"Unyevu huo," alisema shangazi yake Rahera, akichungulia kwenye mlango mfupi. "Majani yakipata mvua hutanuka. Hata mimi hunenepa kila masika."

"Kitani kilichokauka hakitanuki, shangazi."

"Basi nyumba imekonda kwa msiba. Toka, viazi vinapoa."

Pirihira hakucheka. Baba yake, chifu Hohaia, alikuwa amezikwa kilimani wiki ileile. Desturi yao ilikuwa wazi: mazishi yakiisha, watu huingia nyumba ya marehemu kwa sala, huikanyaga sakafu yote kwa miguu, kisha hula chakula humo ndani, ili roho ijue kwamba nyumba imerudi kwa walio hai. Nyumba ya Hohaia haikukanyagwa. Mahakama ya ardhi ilikuwa inakaa katika mji wa bandarini, ng'ambo ya milima, na watu wote walikuwa wakihangaika na safari.

"Mahakama haijui msiba," alikuwa amesema Tipene, baba yake mdogo. "Jina la bonde letu likitajwa na hakuna aliyesimama, binamu zetu wa chini ya mto, kule unakoshukia, watasimama wao. Wameshafika huko, wanangoja. Tutaikanyaga nyumba tukirudi."

Na wa kusimama alikuwa Pirihira. Hohaia hakuwa na mtoto mwingine. Alimfundisha yeye mipaka yote, kila jiwe na kila kijito, na majina ya mababu walioishi hapo, bila kuruka hata mmoja. Tipene alipojaribu kuyataja alikwama njiani kama mkokoteni. Kama Pirihira asingefika mahakamani, bonde lote lingekwenda, na makaburi yake.

Jioni ya kabla ya safari ukungu ulipanda kutoka mtoni. Pirihira alikaa peke yake kando ya moto mdogo katikati ya nyumba, akirudia majina ya mababu kwa sauti ya chini, na ndipo ikamfikia harufu ya tumbaku ya baba yake, ile kali aliyoilima mwenyewe nyuma ya zizi. Kiko chake kilizikwa naye. Akageuka. Hakuna mtu. Mkeka ulikuwa umepanda sasa kuta zote mbili, na boriti ya katikati, ambayo siku zote aliigusa kwa kunyoosha mkono akiwa amesimama, ilikuwa karibu na nywele zake, naye amekaa.

Nje, kitu kikakwaruza ardhi.

Aliijua sauti ile. Wapima ardhi walipokuja kiangazi, Hohaia mwenyewe aliwashikia ncha ya mnyororo wao wa kupimia, bondeni na mlimani, ili wasimpunje mtu hata unyayo. Aliporudi siku ya mwisho alinyamaza. Alinyamaza mpaka homa ikamchukua, na usiku wa kufa alifungua mdomo mara kadhaa kama mtu mwenye neno, neno lisitoke. Sasa mnyororo ulikuwa unaburutwa kuizunguka nyumba, pingili kwa pingili, unavutwa ukanyooka, unalegezwa, unavutwa tena, na kila ulipovutwa ukuta uliugua na kusogea, na Pirihira alihisi kusogea kule mgongoni mwake kama mtu anayejisogeza kitandani ili apate nafasi, na kutoka kwenye boriti juu ya kichwa chake ikashuka sauti nyembamba, sauti ya mluzi, ambayo ndiyo sauti ya wafu, ikasema neno moja.

"Kaa."

Alirukia mlango. Ulikuwa ubao wa kusukuma pembeni, na ulisukumika, lakini uwazi uliobaki ulipitisha kichwa tu, mabega yakakwama, akabaki hapo nusu yake kwenye ukungu na nusu yake kwenye tumbaku, akiona mwanga wa jiko la shangazi yake karibu kabisa na asiweze kuufikia, na nyuma yake kitu kikamshika pindo la sketi, si kwa nguvu, kwa upole, kama ashikavyo mzazi.

"Shangazi!"

Walimkuta hivyo. Tipene akavuta mkono huu, Rahera mkono ule.

"Ulikuwa unafikiria nini?" Rahera alimfokea Tipene akihema. "Mtu kafa, nyumba haijakanyagwa, umemlaza mtoto humo!"

"Mimi nilisema tukirudi..."

"Wewe umesema mengi! Vuta!"

Aliponasuka, mlango ulikuwa na upana wake wa kila siku.

Asubuhi walimleta Matengaro kutoka kijiji cha juu. Alikuwa mzee mwembamba aliyesali kwa maneno ya kale na kwa zaburi, akichanganya bila haya. Aliinusa nyumba kutoka uwanjani, akamtazama Pirihira.

"Alikwambia nini?"

"Alisema nikae."

"Ukae wapi? Kwa nini?"

"Anataka mwenzake wa kaburini, ni nini kingine!" alidakia Tipene. Farasi walikuwa wameshatandikwa. "Wafu wapya wana upweke. Mzee, mtoe twende. Tukichelewa bonde limekwenda."

"Kabla hatujamzika mliongea naye wote," alisema Matengaro taratibu. "Mlimsifu, mlimsuta. Sasa na yeye ameongea. Ingefaa kumuuliza kabla ya kumtoa. Nipeni mpaka kesho."

Wote wakamtazama Pirihira. Sasa neno lake ndilo lilikuwa neno la chifu. Aliwaza majina ya mababu. Aliwaza binamu wa chini ya mto wakisimama. Aliwaza uwazi ule wa mlango, na mabega yake.

"Mtoe," alisema.

Wakaingia wote nyuma ya Matengaro, wakakanyaga. Walikanyaga kila pembe, chini ya dirisha, kuzunguka moto, mahali alipofia, na miguu ilipofika hapo mluzi ukalia kwenye boriti, mrefu, ukapanda na kupanda kama pumzi ya mtu anayetaka kusema maneno mengi kwa mara moja, na mzee akapaza sala kuufunika, na Tipene akapaza sauti kumzidi mzee, na Rahera akakanyaga huku akilia, "Nenda kaka, nenda, tuache," mpaka ukakatika. Halafu waliketi hapohapo wakala viazi na samaki wa mtoni, mikunga wa kukaushwa. Mkeka ulikuwa umelala tambarare. Harufu ya tumbaku haikuwapo tena.

Mahakama ilikaa kwenye ghala la mbao. Pirihira alisimama mbele ya hakimu, na majina yakatoka kama alivyofundishwa, mpaka binamu wa chini ya mto wakainamisha vichwa. Hakimu akasikiliza, akanong'ona na mkalimani wake.

"Ardhi ni yenu," akasema mkalimani. "Sasa taja watu wa kuandikwa. Wasizidi kumi."

Pirihira alidhani amesikia vibaya. "Bonde lina watu wengi mno."

"Kumi. Ndiyo sheria."

"Na wengine?"

Mkalimani hakumuuliza hakimu. "Si ndugu zenu? Mtajuana."

Akageuka. Watu wake walikuwa wamejaa nyuma ya kamba, na binamu walikuwa wameinua vichwa tena.

"Taja, mwanangu," alinong'ona Tipene. "Kumi wataishika ardhi kwa niaba ya wote."

Na Rahera, aliyempikia tangu mama yake alipokufa, akatabasamu kutoka kwenye umati. "Mimi niache, nimezeeka. Andika vijana. Nitakula kwako."

Akataja. Jina lake mwenyewe likawa la kwanza; la Rahera halikuwamo.

Waliporudi bondeni, wanawake waliwaita kutoka uwanjani kwa sauti za kukaribisha, kukawa na kilio na kicheko. Pirihira aliingia nyumbani kutandika. Akaukunjua mkeka, akauvuta pembe kwa pembe, akauvuta tena. Haukufika ukutani. Pande zote ulibakiza ukanda wa udongo mtupu, mpana kiasi cha mtu kulala.

Kivuli kikaziba mlango.

"Pirihira," alisema Rahera. Alikuwa akinong'ona. "Njoo kwangu uone. Mkeka wangu unapanda ukutani." Alijaribu kucheka. "Au nimenenepa tena."

Hapo Pirihira akaelewa alichokuwa akionyeshwa jioni ile, jinsi ardhi itakavyombana asiyeandikwa, na kwamba "kaa" lilikuwa la kumzuia asiende kutaja majina, na ni nani aliyeujua mnyororo ule kwa viganja vyake mwenyewe, na kwa nini mkono ulioshika pindo lake ulikuwa mpole. Akapiga magoti mahali alipofia baba yake, akaweka paji la uso sakafuni.

"Baba," alisema. "Sema. Nakuuliza. Nifanye nini?"

Akangoja. Akavuta pumzi akitafuta tumbaku. Ilikuja harufu ya viazi na mikunga tu, chakula walichomfukuzia.

Nje, upande wa nyumba za wengine, mnyororo uliburutwa, ukavutwa, ukanyooka. Pirihira akainua macho. Shangazi yake alikuwa ameshageuka, anarudi kwake kuvuka uwanja. Hapakuwa na kitu juu yake isipokuwa anga, lakini Rahera alikuwa akitembea ameinama, mabega ameyakusanya, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi ambao hauishi.